Risasi gani zisizoleta kutu kwa bunduki za zamani za jeshi? Mosin yangu imeota kutu ndani ya wiki moja

Mtanga_Houston

Wakuu salaam, na wakubwa shikamooni. Najua humu tunaongelea zaidi magari na makaratasi ya uhamiaji lakini nakumbuka kuna watu walikuwa wanabishana kuhusu uwindaji, kwa hiyo wapiga shabaha mpo, naombeni msaada kabla sijaharibu kitu ambacho kimevuka vita kuu ya pili bila mimi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee mmoja tuliyekuwa naye kazini alikuwa anahama akaniuzia Mosin-Nagant 91/30, ya Mrusi, imegongwa 1943 na kale kapembetatu kenye mshale ndani. Sheria nimefuata zote, kadi ya kijani ninayo, karatasi zimejazwa. Nikaenda duka moja hapa nikanunua lile kopo la bati lililozibwa kama kopo la nyama, risasi 440, nikamuuliza kabisa muuzaji hizi hazileti kutu? Akasema wala usihofu, ni za miaka ya sabini hizo, siyo za vitani. Mimi nikaamini. Jumamosi nikapiga kama 60 hivi, bega likavimba, furaha tele, nikarudi nyumbani nikapitisha kitambaa chenye mafuta mara tatu nne mpaka kikatoka safi, nikaiweka kabatini.

Jumamosi iliyofuata naitoa nimwoneshe shemeji, bolti (kile chuma cha nyuma unachokivuta kuingiza risasi) haitaki kufunguka, kuja kufunguka napitisha kitambaa kinatoka na rangi ya udongo wa Muheza. Nachungulia ndani naona vidoti vya kahawia kwenye ile mifereji. Moyo ulinishuka jamani. Na mafuta nilipaka!

Maswali yangu: ninunue risasi gani zisizo na hiyo shida, hili kopo nimebaki na risasi karibu 380 nizitupe au, na je ni hiyo kutu inayofanya bolti ing'ang'anie maana hata siku ile ya kwanza baada ya risasi kama 15 nilikuwa naipiga na kiganja ndio ifunguke. Halafu kuna jamaa anataka kuniuzia Lee-Enfield .303, ile bunduki ya Mwingereza, na risasi zake za zamani, sasa naogopa hata hiyo.

---

Chuma_cha_Pua

Mkuu pole. Kwanza tulia, bunduki ya 1943 imeshaona mabaya kuliko kabati lako. Pili huyo muuzaji ama amekudanganya ama hajui, na kwa uzoefu wangu wa madukani mara nyingi hajui tu, anarudia alichoambiwa na aliyemuuzia yeye. Miaka ya sabini haimaanishi kitu. Risasi za jeshi za upande wa Mrusi na wenzake kwenye hiyo 7.62x54R, yaani saizi ya risasi za Mosin, we chukulia zote zinaleta kutu mpaka ithibitike vinginevyo, hata za miaka ya themanini.

Sasa elewa kutu inatoka wapi maana ukielewa hapo mengine yote yananyooka. Haitoki kwenye baruti, watu wengi sana wanakosea hapo. Inatoka kwenye fataki, kale kakifuniko kadogo nyuma ya ganda kanakogongwa na pini. Fataki za jeshi za zamani ndani yake kuna klorati ya potasiamu, ikishalipuka kinachobaki ni kloridi ya potasiamu, yaani chumvi, ndugu wa damu wa chumvi unayotia kwenye ugali wa watoto. Inapulizwa mtutu mzima kila ukifyatua. Ikishatua pale inakaa inavuta unyevu wa hewani, na wewe uko Houston, hewa ya kunywa kwa kijiko. Umekulia Tanga wewe, huhitaji kuelezwa chumvi inafanya nini kwenye bati la nyumba iliyo karibu na bahari.

Kwa nini majeshi walizing'ang'ania? Kwa sababu zinakaa ghalani miaka na miaka na zinawaka kwenye baridi kali, basi. Fataki zisizo na chumvi zilishakuwepo tangu miaka ya 1920, Ujerumani na Marekani raia walikuwa wananunua. Lakini jeshi la Marekani lenyewe risasi zake za .30-06 ziliendelea na chumvi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo usidhani ni ushamba wa Warusi. Ajabu ni kwamba ile karabini yao ndogo ya .30, risasi zake zilizotengenezwa Marekani hazikuwa na chumvi tangu siku ya kwanza. Jeshi moja, vita moja, bunduki mbili, mambo mawili tofauti.

Tuandikie namba zilizogongwa kitakoni kwa ganda, juu na chini. Na pitisha sumaku kwenye ganda utuambie.

---

Kaka_Bonde

Mbona rahisi tu, nunua dawa ya kusafishia vioo ile ya bluu, pulizia ndani ya mtutu ukimaliza kupiga, amonia inaua ule ukali wa fataki, pitisha kitambaa kimoja umemaliza. Mimi ndio zangu miaka sita sasa na SKS yangu (ile ya Mrusi inayojiendesha kwa gesi) inang'aa. Watu mnapenda kufanya mambo yawe magumu.

---

Mwalimu_wa_Kemia

Kaka Bonde bunduki yako inang'aa kweli ila siyo kwa sababu unayodhani 😄 naomba niingilie hapa maana hii ndiyo kazi yangu.

Chumvi huiui. Hakuna kitu cha kuua pale, siyo asidi hiyo useme utaizima na amonia. Chumvi unaiyeyusha unaitoa nje, na kinachoyeyusha chumvi ni maji. Ile dawa ya vioo sehemu kubwa yake ni maji, ndiyo yanayokusaidia, amonia inagusa kidogo mabaki ya shaba lakini kwenye chumvi haina kazi. Kwa hiyo unalipa dola kadhaa kwa maji ya bluu yenye harufu. Bomba la jikoni lingefanya kazi hiyohiyo.

Na hapo ndipo kosa la Mtanga lilipo. Ulipaka mafuta juu ya chumvi. Mafuta hayayeyushi chumvi hata uyamimine ndoo, chukua chumvi ya jikoni kijiko kimoja tia kwenye kikombe cha mafuta ya alizeti, kesho uje uangalie, iko palepale chini. Sasa wewe umeifunika chumvi na blanketi jembamba la mafuta, unyevu ukapenya, kutu ikaanzia chini ya blanketi. Kitambaa kutoka safi siyo ushahidi, chumvi haina rangi, kitambaa kinaonesha masizi tu.

Kingine watu wanauliza: zipo fataki za zamani zaidi zenye zebaki, hizo tatizo lake linaenda kwenye ganda la shaba, linakuwa la kukatikakatika hivyo halifai kujazwa tena. Mtutu hauna kesi na zebaki. Usichanganye haya mawili.

---

Mtanga_Houston

Mwalimu asante, nimejiona mjinga ila nimeelewa. Nimefanya hilo la kikombe cha mafuta kweli, wife kaniuliza napika nini.

Chuma, namba ni 188 juu na 78 chini. Ganda lina rangi ya shaba kabisa lakini sumaku imenasa, nikashangaa. Hata kichwa cha risasi chenyewe kinanasa.

---

Chuma_cha_Pua

Basi kesi imekwisha. 188 ni kiwanda cha Novosibirsk, 78 ni mwaka 1978, hiyo ni risasi halisi ya jeshi la Kisovieti. Ganda ni chuma kilichopakwa shaba juu. Kichwa nacho koti lake ni chuma na ndani kuna kiini cha chuma laini. Angalia kwa hilo maana viwanja vingi vya shabaha hapa Marekani vinapitisha sumaku mlangoni na wakiona imenasa hawakuruhusu, wanasema zinaharibu ukuta wa nyuma na zinatoa cheche. Uliza kabla hujaendesha gari saa nzima.

Kuhusu za kununua. Kwa 7.62x54R mpya zinazopatikana kirahisi ni mbili: Prvi Partizan, zile wanaandika PPU, za Užice kule Serbia, na Sellier & Bellot za Ucheki. Zote ganda shaba ya njano, fataki za kisasa, hazina chumvi, na ganda unaweza kulijaza tena kama unafanya hiyo kazi. Mimi natumia PPU ya kichwa kizito kidogo, ile ya greini 182 (greini ni kipimo cha uzito), Mosin yangu inaipenda kuliko nyepesi. S&B wenyewe walianza Praha mwaka 1825 kwa kutengeneza fataki, fataki tupu kabla hata ya risasi, kwa hiyo ukinunua kwao unanunua kwa wenye fani. Za Kirusi za biashara kama Barnaul na Wolf, zile za ganda la chuma kwenye boksi la karatasi, nazo hazina chumvi, ila mwaka 2021 Marekani ilifunga vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi kwa hiyo ukizikuta ni mabaki na bei siyo ile tuliyozoea.

Utasikia watu wanakwambia angalia ndani ya ganda, ukiona vitundu viwili ni mfumo wa Berdan basi ina kutu, ukiona kitundu kimoja katikati ni Boxer basi ni salama. Huo ni uongo nusu. Vitundu vinakwambia ganda linajazwa tena vipi, havikwambii fataki ina nini. Risasi za Uswisi za GP11 ni Berdan na hazina chumvi hata chembe, na zile .30-06 za Marekani za wakati wa vita ni Boxer na zimejaa chumvi. Kwa Yugoslavia ndio utachoka kabisa, 8mm ya M49 ina chumvi, ya M75 waliyotengenezea wadunguaji haina, na kwa macho ya mtu asiyejua ni risasi zilezile. Soma boksi, soma namba, usisome vitundu.

Bolti kung'ang'ania siyo lazima iwe kutu. Hizo Mosin zilikarabatiwa kwenye karakana za Wasovieti baada ya vita zikazamishwa kwenye grisi nzito ya kuhifadhia, kosmolini. Grisi inakauka kwenye chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) inakuwa kama ulimbo, bunduki ikipata moto inalainika, ganda linanata. Ndiyo maana inaanza baada ya risasi ya 15 na siyo ya kwanza. Chukua brashi ya shaba ya shotgani, ifunge kwenye drili ya mkono taratibu, dawa ya kuyeyusha grisi, sugua CHEMBA tu usiende mbele kwenye mtutu, vitambaa vitatoka vyeusi mpaka ukome. Halafu kabla hujapiga tena mpelekee fundi apime nafasi ya kufungia bolti kwa vipimo vyake. Angalia namba ya bolti kama inafanana na ya mwili.

Kopo usitupe. Soma anayekuja chini yangu kuhusu kuosha maana naona mzee Kuruta yuko mtandaoni.

---

Kuruta_1984

Vijana, mnanikumbusha mbali.

Mimi nilipita JKT kwa mujibu wa sheria mwaka 1984, tulikuwa tunapiga SAR, zile SKS za Mchina. Siku ya shabaha ikiisha hakuna kula. Pipa la maji linachemka nyuma ya ghala la silaha tangu asubuhi na kila mtu anajua kazi yake. Unatoa vitu vyote, unapewa maji kwenye kopo, unamimina kutoka upande wa chemba yatokee mdomoni, siyo mdomoni yarudi kwenye chemba, ukikosea hapo sajenti anakutuma ukazunguke uwanja na bunduki kichwani. Na siyo mtutu tu, SAR inajiendesha kwa gesi, ule moshi wenye chumvi unaingia kwenye bomba la gesi na kwenye pistoni, kwa hiyo na vyenyewe vinatumbukizwa. Nyinyi mnaoosha mtutu mnaacha bomba la gesi mkija kufungua mwezi ujao mtakuta pistoni imekuwa msumari wa baharini.

Halafu ukaguzi. Sajenti hakuwa na tochi. Anafungua bolti, anaweka ukucha wa dole gumba pale kwenye chemba, mwanga wa jua unapiga kwenye ukucha, yeye anachungulia kutoka mdomoni. Mtutu mzima unaonekana kama kioo cha duara. Akiona doa moja anakuangalia tu, haongei, wewe mwenyewe unarudi kwenye pipa. Mpaka leo nikishika shotgani ya mtu ukucha unaenda wenyewe.

Lakini haya siyo ya jeshi peke yake. Wawindaji wa gobore huko vijijini hakuna aliyewafundisha kemia na wote wanaosha gobore kwa maji ya moto, kwa sababu baruti nyeusi nayo majivu yake yanakunywa maji. Askari wa Mjerumani mwaka 1914 wengi wao walikuwa na ile Mauser ya mtindo wa 71, baruti nyeusi, ukifyatua mara moja wingu la moshi linamwonesha adui ulipo. Wale nao waliosha kwa maji. Hiyo akili ni ya zamani kuliko sisi sote.

Kijana wa Tanga, fanya hivi. Siku hiyohiyo, siyo kesho, kwa unyevu wenu huko hata usiku mmoja ni mwingi. Toa bolti. Birika la maji ya moto, faneli, kipande cha bomba la mpira kinachobana kwenye chemba ili maji yasiingie kwenye mbao, mimina lote. Maji yakiwa ya moto sana chuma kinapata joto na kinajikausha chenyewe, hiyo ndiyo faida ya moto, kuyeyusha chumvi hata ya baridi yanayeyusha. Bolti nayo, uso wake na ncha ya pini, hapo ndipo fataki inapopumulia, watu wanapasahau. Vitambaa vikavu mpaka viwe vikavu kweli. Ndipo usafishe masizi na dawa yako ya kawaida, ndipo mafuta. Siku ya tatu rudi upitishe kitambaa cheupe. Kikiwa na rangi ya chai, rudia.

---

Mtanga_Houston

Shikamoo mzee. Hiyo ya ukucha nimeijaribu sasa hivi dirishani, Mungu wangu, inaonekana kila kitu. Sikuhitaji kununua ile kamera ya dola 40.

---

Kuruta_1984

Marahaba kijana. Hakikisha chemba ni tupu kwanza, na bolti iko mezani siyo kwenye bunduki. Usichungulie mtutu wa mtu yeyote bila hivyo hata kama ni wa baba yako.

---

NgongHills_MN

Niaje maze, mimi ni Mkenya niko Minnesota, wacha niongee hiyo ya .303 kwa sababu niko nayo mbili.

Kwetu ukisema Lee-Enfield watu wanakuangalia tu, sema Mark 4 hapo mzee yeyote anajua. Wale polisi wa akiba huko kaskazini walitembea nayo miaka mingi sana, guka (babu) wangu alikuwa KAR, jeshi la mkoloni, na yeye hakuita kitu kingine. Kwa hiyo nilipoipata hapa kwa duka ya vitu kuukuu nililipa bila kubargain, makosa, lakini roho ilishataka.

Sasa risasi. Hizo za zamani za huyo jamaa yako angalia sana buda. .303 za kijeshi za Waingereza nyingi ziko na ile baruti ya kordaiti, ukiitoa kichwa unakuta imepangwa ndani kama tambi kavu, kabisa kama tambi, unaweza dhani ni mchezo. Hizo chukulia fataki zake ziko na chumvi. Waingereza walijua, ndiyo wakatoa faneli maalum ya kumwagia maji moto kwa chemba, na kwa kitako cha bunduki kuna kifuniko cha shaba, fungua uone kama ile kamba ya kuvutia kitambaa na chupa ya mafuta bado ziko, yangu moja ilikuwa nazo zote, chupa iko na mafuta ndani!

Kuna zingine nilinunua, siwezi taja kiwanda, zilikuwa na shida mbaya kuliko kutu. Unavuta triga, pini inagonga, klik, kimya, unaanza kufikiria ni mbovu, halafu PAA. Hiyo imenitokea mara tatu kwa boksi moja. Kama klik ikakupata usifungue bolti haraka, weka mdomo wa bunduki pale kwa target hesabu mpaka 60 ndiyo ufungue. Ukifungua mapema inaweza pasukia mkononi mwako ikiwa nje ya chemba, na hapo hakuna hadithi tena. Hilo boksi nilimaliza hapo, zingine nikapeleka kwa polisi waziharibu.

Za zamani zenye nimepiga bila wasiwasi ni za HXP, za Ugiriki, hizo ni za miaka ya sabini na themanini, Boxer, hazina chumvi, ganda poa sana. Ukipata mtu anauza kwa bei ya maana chukua zote kisha uniambie. Kama hupati basi PPU ya greini 174, ama S&B ya 180, maisha iendelee. Na hizo No. 4, yaani hiyo Mark 4, ziko na kichwa cha bolti kinachotoka, kimeandikwa namba kutoka 0 mpaka 3, usibadilishe ovyo sababu ulipata ya bei rahisi mtandaoni, kinapimwa.

---

Nyuki_wa_Columbus

Nimefuatilia kimya ila nina swali, kama mtu kauziwa risasi hazina boksi, hazina namba inayojulikana, kwenye mfuko tu wa nailoni, atajuaje? Au ndio asipige kabisa?

---

Chuma_cha_Pua

Za kwenye mfuko wa nailoni, kama hujui hata zimejazwa na nani, jibu langu ni usipige. Chumvi ni shida ndogo hapo, mtu anaweza kuwa amejaza baruti ya bastola kwa macho na kijiko.

Lakini kama ni za kiwanda na hujui tu fataki yake, kuna jaribio la msumari. Unatoa kichwa cha risasi kwa kifaa chake, unamwaga baruti, unabaki na ganda na fataki tu. Chukua misumari mitatu, isugue msasa mpaka iwe myeupe, ifute grisi yote. Ukiwa uwanja wa shabaha na miwani usoni, ganda kwenye bunduki, mdomo unatazama msumari kwa karibu, fyatua, fataki peke yake inapulizia moshi msumari. Wa pili fanyia risasi unayojua haina chumvi. Wa tatu usiufanye kitu. Weka yote mahali penye unyevu siku mbili hivi, bafuni panafaa. Wa kwanza ukiota kutu na ule wa tatu haujaota umepata jibu. Bila ule wa tatu hujapima kitu maana msumari uliosuguliwa ukiwa bafuni unaweza kuota kutu wenyewe tu. Na bunduki uioshe baada ya hapo, kuna mtu namjua alifanya jaribio zuri kabisa, akathibitisha risasi ina chumvi, akairudisha bunduki kabatini bila kuiosha.

Kingine kwa wote mnaosoma hii na kutamani mitumba ya jeshi: mwenye viza ya masomo au matembezi sheria za hapa kwa kawaida zinamkataza hata kumiliki risasi, kuna vipengele vyake, soma kabla ya kugusa. Na wenye M1 Garand, ile bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani, kutokuwa na chumvi hakutoshi, .30-06 za kisasa za kuwindia zile nzito zinaweza kupinda fimbo yake ya gesi, tafuteni zilizoandikwa kwa ajili ya Garand.

---

Kaka_Bonde

Haya mwalimu nimekubali. Lakini SKS yangu bomba la gesi sijawahi kulifungua nikaliosha toka niinunue, mzee Kuruta amenitia hofu, naenda kulifungua.

…Nimefungua. Sitaki kuongea.

---

Mtanga_Houston

Narudi na majibu wakuu, wiki mbili zimepita.

Chemba nimeisugua na brashi ya shotgani, vitambaa 22 nimehesabu, vya mwisho vikaanza kuwa vyeupe. Fundi kapima nafasi ya bolti kasema iko sawa, akacheka kuona namba zote zinafanana. Mtutu kutu imetoka ila vimebaki vishimo vidogo kama inchi nne mbele ya chemba, fundi anasema vingine ni vya zamani kabla yangu, sijui kama alikuwa ananifariji. PPU boksi mbili nimepiga, bolti inafunguka na vidole viwili, risasi tano kwenye duara la kisosi kwa yadi 100, mimi ambaye shule sikuwahi kulenga hata embe kwa jiwe.

Msumari nao nimefanya, yote mitatu imekaa bafuni juu ya tanki la choo siku mbili. Ule mtupu ni mweupe bado. Wa PPU una moshi mweusi lakini ukiufuta na kidole ni chuma kitupu kinang'aa. Wa kopo umepiga rangi ya hina ya bibi harusi upande mmoja tu, upande ule uliokuwa unatazama mtutu, huku nyuma ni msafi. Nimekaa nao mkononi dakika nzima naugeuza.

Kopo nimeamua kubaki nalo, nitakuwa napiga 20 mwishoni mwa siku halafu maji hapohapo uwanjani kwenye chupa, na birika nikifika nyumbani. Hiyo .303 nimemwambia jamaa nachukua bunduki, risasi zake abaki nazo, nilimwomba atoe moja kichwa tukakuta tambi kweli.

---

NgongHills_MN

Tambi! Nilikuambia. Sasa hiyo birika usirudishe jikoni buda, mama watoto akijua imepikia Mrusi hutalala ndani.

---

Mtanga_Houston

Amejua siku ya kwanza. Ameshanunua lingine, hili la zamani kaliandika kwa kalamu nyekundu BUNDUKI, kaliweka gereji.